KIA, Keya na M23: namna ya kuielewa lugha ya askari vitani

Kwa mtu wa Arusha au Moshi, KIA ni uwanja wa ndege. Uko Hai, katikati ya miji hii miwili, ulifunguliwa mwaka 1971, na kondakta akiita njia panda ya KIA hakuna abiria anayeuliza herufi hizo ni za nini. Katika ripoti za majeshi yanayotumia Kiingereza, herufi hizo hizo humaanisha askari aliyeuawa katika mapigano. Hufuatana na WIA, yaani aliyejeruhiwa, MIA, yaani asiyejulikana alipo, na POW, yaani aliyetekwa. Kijana aliyekulia Usa River au Boma Ng'ombe akifungua habari za vita kwenye simu na kukuta "KIA 6", anaweza kuupita mstari huo bila kujua kwamba ametangaziwa misiba sita.

Makala haya nimeyaandika kwa ajili ya msomaji huyo. Huku kwetu maneno ya jeshi yako karibu kuliko tunavyodhani. Chuo cha maofisa wa JWTZ kiko Monduli. JKT ina kambi Oljoro. Vijana wa polisi kutoka kila mkoa hupita depo Moshi. Arusha nayo ilikaa miaka mingi na mahakama ya kimataifa iliyosikiliza kesi za mauaji ya kimbari ya Rwanda, na huko maneno ya vita yalichambuliwa kwa umakini ambao sijauona kwingine. Nitafika huko.

Ninavyoona mimi, lugha ya askari inatuchanganya kwa sababu tunaitia yote kapu moja. Neno lililoandikwa na karani wa makao makuu, neno lililoundwa ili lisikike redioni, na neno lililozaliwa handakini kati ya watu wenye njaa na hofu ni mambo matatu tofauti, hata kama yote yametoka jeshi moja. Kwa hiyo kabla ya kuuliza neno hili lina maana gani, uliza nani aliliunda, na alitaka nani alielewe.

Tuanze na ofisi, maana ndiko vifupisho vingi vilikotoka. Amri ya jeshi hupita mikono mingi: huandikwa, hupigwa simu, hunakiliwa, hutumwa tena. Herufi tatu hupita haraka kuliko sentensi, na hazibadiliki zikifika upande wa pili. Mfano unaojulikana zaidi ni siku D. Watu wengi hudhani D ni neno la siri la tarehe 6 Juni 1944, siku majeshi ya Washirika yalipotua pwani ya Normandy. Hakuna siri. D ni herufi ya kwanza ya neno la Kiingereza la siku, kama H ilivyo ya neno la saa, na jeshi la Marekani liliandika hivyo tangu mwaka 1918. Sababu yake ni ya kikazi kabisa. Mpango wa vita huandikwa kabla tarehe haijajulikana: kikosi hiki kianze safari siku mbili kabla ya D, mafuta yafike siku tatu baada ya D. Normandy yenyewe ilipangwa tarehe 5, hali ya hewa ikachafuka, ikasogezwa hadi tarehe 6. Maelfu ya karatasi hayakuhitaji kuguswa, kwa sababu hesabu yote ilianzia D.

MIA nayo ni neno la ofisi, na ndilo zito kuliko yote katika lile kundi la KIA. Karani anahitaji safu ya kumwandika askari ambaye hakurudi na ambaye maiti yake haijaonekana. Kwake ni safu tu. Kwa familia ni hali isiyo na jina. Mlimani Kilimanjaro, ambako marehemu huzikwa kihambani kwao na ndugu hukutana pale kugawa mali na kumtaja, MIA ni msiba ambao matanga yake hayana pa kuanzia. Mjane si mjane kisheria, na shamba haligawanyiki. Ndiyo maana nasema kifupisho kisomwe polepole.

Sasa tazama taarifa ya habari ya Kongo ya siku yoyote. Utasikia FARDC, M23, FDLR, ADF, MONUSCO, yote ndani ya dakika moja. Mtu aliyechoka na kazi anaacha kufuatilia. Lakini mafundo hayo yanafunguka.

FARDC ni jeshi la serikali ya Kongo. Herufi ni za Kifaransa. MONUSCO ni ujumbe wa Umoja wa Mataifa, uliopewa jina hilo mwaka 2010. Ndani yake, mwaka 2013, iliundwa brigedi ya kuingilia kati, FIB, yenye askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi. Kamanda wake wa kwanza alikuwa Mtanzania, James Mwakibolwa. Brigedi hiyo haikupewa kazi ya kulinda tu. Iliruhusiwa kuyafuata makundi yenye silaha na kuyapiga, na mwaka huo huo ilishiriki kuwashinda M23 kwa mara ya kwanza. Desemba 2017 kambi ya walinda amani wa Tanzania huko Semuliki ilishambuliwa, na askari wetu wasiopungua 14 wakauawa. Tukisoma FIB kwenye gazeti, tukumbuke ni watoto wa nani.

M23 ni tarehe. Ni Machi 23, 2009, siku serikali ya Kongo ilipotiliana saini mkataba na waasi wa CNDP. Mwaka 2012 baadhi ya wapiganaji hao, waliokuwa wameingizwa jeshini, waliasi wakidai mkataba huo haukutekelezwa, wakajiita kwa tarehe yake. Kwa hiyo kila mtangazaji anayelitaja jina hilo anarudia lalamiko la kundi lenyewe, apende asipende. Vifupisho vingine ndivyo vilivyo. FDLR, kundi lenye mizizi kwa watu waliokimbia Rwanda baada ya mwaka 1994, limejiita jeshi la kidemokrasia la kuikomboa Rwanda. ADF, waliotoka Uganda na ambao wamechinja raia kwa miaka eneo la Beni, D yao ni ya demokrasia. Jina zima lingesomwa kila siku redioni, wasikilizaji wangeuliza demokrasia ipi. Herufi tatu hazimpi mtu nafasi ya kuuliza.

Somalia nako jeshi la Umoja wa Afrika limebadilisha jina bila kuondoka: AMISOM, kisha ATMIS kuanzia Aprili 2022, kisha AUSSOM kuanzia mwaka 2025. Kazi na mamlaka vilibadilishwa kila mara, lakini ni msafara ule ule katika nchi ile ile. Ukisikia IED katika habari za huko, ni bomu la kutengenezwa kwa mkono, mara nyingi la kutegwa kandokando ya barabara.

Redio ni mahali pengine kabisa. Hapa adui mkubwa ni kelele. Ukitamka B, D, P, T na V kwa Kiingereza kupitia redio mbovu, zote zinasikika sauti moja, na kosa la herufi moja linaweza kupeleka mizinga kwenye kilima kisicho chake. Ndiyo maana zikatungwa Alfa, Bravo, Charlie na nyingine hadi Zulu, alfabeti ambayo majeshi ya NATO na usafiri wa anga wa kiraia walianza kuitumia pamoja mwaka 1956. Kabla yake zilikuwapo nyingine, na katika mojawapo R ilisomwa Roger. R ilikuwa kifupi cha "nimepokea". Alfabeti mpya iliifanya R kuwa Romeo, lakini Roger hakuondoka. Hadi leo mlinzi wa geti Njiro akiwa na redio yake anajibu "roja". Wamarekani walipokuwa Vietnam waliwaandika wapiganaji wa Viet Cong kama VC, redioni ikawa Victor Charlie, na baada ya muda mtu mzima mwenye mama na baba akaitwa Charlie tu.

Redio pia ni mahali pa kuficha, kwa sababu adui naye ana masikio. Madereva wa utalii wa Arusha wanalijua jambo hili vizuri: wakiitana redioni kule Serengeti, wengine humwita simba "sharubu", ili mgeni aliyeketi nyuma asijue kabla hajaoneshwa. Vitani kinachofichwa ni uhai wa watu. Katika Vita vya Pili vya Dunia jeshi la Marekani liliwatumia askari wa kabila la Navajo kupeleka ujumbe kwa lugha yao huko Pasifiki, na juu ya lugha hiyo wakaweka mafumbo: kifaru cha vita kiliitwa kobe, mabomu yakaitwa mayai. Majina ya makamanda wetu yalifichwa vivyo hivyo. John Walden, aliyeongoza brigedi katika vita vya Uganda, alijulikana redioni kama Black Mamba, na jina hilo likamfuata maisha yake yote.

Ninapofika handakini ndipo ninapopenda kukaa, kwa sababu huko lugha inaundwa na wasio na madaraka.

Waingereza waliopigana Vita vya Kwanza waliiita nchi yao Blighty. Neno hilo walilitoa kwa askari wa India, waliosema vilayati, la ng'ambo, la Uzunguni. Chimbuko lake ni Kiarabu, wilaya, na ni humo humo sisi tulimopatia wilaya yetu na Ulaya yetu. Novemba 1914 majeshi ya India yalishuka Tanga na kushindwa vibaya na askari wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, wengi wao Waafrika. Kwa hiyo kwenye ufukwe mmoja, siku hizo hizo, walikuwapo watu wa pande mbili wenye neno moja la kuitaja nchi ya mbali ambako vita hivyo viliamuliwa. Kwa Mwingereza aliyeko mitaroni Ufaransa, jeraha la Blighty lilikuwa jeraha la kutosha kumrudisha nyumbani na lisilotosha kumuua. Askari walilitamani. Ukitaka kujua mitaro ile ilikuwaje, jeraha hilo la kuombewa linatosha.

Handaki pia huijibu ofisi. Mwanzoni mwa miaka ya 1940 askari wa Marekani walikuwa wamezungukwa na vifupisho kila upande, wakatunga cha kwao: SNAFU. Ukiacha tusi lililomo, maana yake ni kwamba hali ni ya kawaida, kila kitu kimevurugika. Waliuchukua mtindo wa makao makuu wakausemea ukweli ambao makao makuu hayakuuandika. Ofisi nayo ilikuwa na neno AWOL, la askari aliyeondoka bila ruhusa, ambalo kwa Kiswahili tuna jina lake la siku nyingi, mtoro.

Kwetu, mchezo huu wa ofisi na handaki ulianza mapema. Mwaka 1889 ofisa wa Kijerumani Hermann Wissmann alipoletwa kumpiga Abushiri, aliyeongoza upinzani dhidi ya Wajerumani pwani, aliandikisha Wasudani kutoka Misri, na jeshi la Misri lilikuwa na vyeo vya Kituruki. Vyeo hivyo vikaingia katika jeshi la Wajerumani la Afrika Mashariki. Askari wa kawaida akipanda alikuwa ombasha, ambalo kwa Kituruki ni kiongozi wa watu kumi. Juu yake shaushi, betshaushi na soli. Na juu kabisa, mahali ambapo Mwafrika angeweza kufika, efendi. Vyote vimekufa isipokuwa cha mwisho. Kuruta wa leo pale Monduli anayeitikia "ndiyo, afande" anatamka cheo kilichosafiri kutoka Istanbul kwenda Cairo, kikashuka Bagamoyo na kupanda hadi huku mlimani, na sasa hakimtaji mwenye cheo kimoja, kinamtaja yeyote aliye juu yako.

Machi 1916 majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Smuts yaliingia Moshi, ambako reli ya Tanga ilikuwa imefika miaka michache tu kabla. Wajerumani wakarudi nyuma hadi Kahe, na huko walikuwa na mzinga uliotolewa kwenye meli ya SMS Königsberg, iliyozamishwa Rufiji mwaka 1915. SMS hapo ni herufi za Kijerumani, zinasema ni meli ya mfalme wao. Askari weusi wa pande zote waliiita bunduki ya rashasha bombom, kwa sauti yake. Mzinga wenyewe, ambao kwa kila mfugaji wa nyuki ni gogo la asali, ulikuwa tayari umepata kazi ya pili katika Kiswahili.

Waingereza nao walileta KAR, jeshi la King's African Rifles lililoundwa mwaka 1902. Herufi hizo zikitamkwa haraka na ofisa wa Kiingereza, kwa masikio ya Waafrika zilikuwa neno moja: Keya. Babu zetu walipigana wakiwa Keya, Ethiopia mwaka 1941, Madagaska mwaka 1942, Burma mwaka 1944, na wakirudi vijijini waliitwa wazee wa Keya mpaka walipofariki. Humo jeshini kilizaliwa Kiswahili cha amri, kilichokatwa ngeli ili Mzungu na askari wa makabila mengi waelewane upesi. Wataalamu wa lugha wamekiandika kwa jina la KiKAR. Wako waliokidharau. Mimi naona kiliwasaidia Mnyasa, Mkamba na Mchagga kupokea amri moja chini ya risasi, na lugha iliyofanya kazi hiyo inastahili heshima yake. Katika Vita vya Kwanza kikosi cha wapagazi kiliandikwa Carrier Corps, kikawa Kariakoo, soko ambalo kila Mtanzania analijua. Wapagazi walikufa makumi kwa maelfu, zaidi kwa njaa na maradhi kuliko kwa risasi.

Baada ya uhuru Keya ikawa Tanganyika Rifles, ikaasi Januari 1964, ikavunjwa, na Septemba 1 mwaka huo ikazaliwa JWTZ. Kuanzia hapo tukaanza kuunda vifupisho vyetu, kwa maneno yetu. KJ ni kikosi cha jeshi; kambi ya Oljoro ni 833 KJ, na namba hiyo humwambia mjuzi mahali bila kutaja mahali. JKT, iliyoundwa mwaka 1963, imezalisha msamiati wa vijana unaozunguka mitaa yote. Aliyekwenda baada ya kidato cha sita ni wa mujibu, kifupi cha mujibu wa sheria, tofauti na wa kujitolea. Kila mkupuo una jina la operesheni, na watu wawili wakikutana stendi, swali la kwanza ni "we operesheni gani?" Nyimbo za mchakamchaka ni chenja. Ukiyajua hayo hujapata siri yoyote ya nchi, umejua tu kwamba aliyekaa karibu nawe aliamshwa saa kumi alfajiri kama wewe. Msamiati huu kazi yake ni undugu, na sioni sababu ya kuuogopa.

Vita vya Kagera ndivyo vilivyoyakutanisha maneno ya kila aina. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka, na Amin akatangaza kuitwaa ardhi ya kaskazini ya mto Kagera. Katika hotuba na magazeti akawa nduli, na hadi leo wazee hulitaja jina lake wakiwa wamelitanguliza neno hilo. Mashambulizi ya kumrudisha yaliitwa Operesheni Chakaza. David Musuguri, aliyeongoza divisheni ya 20, baada ya kutekwa kwa mji wa mpakani wa Mutukula Januari 1979 aliitwa Jenerali Mutukula. Kamanda mwingine, Silas Mayunga, alikuwa Mti Mkavu. Majina hayo yalitoka kwa watu, hayakutoka kwenye barua ya uteuzi.

Ng'ambo ya mpaka raia walikuwa na msamiati wao. Mitambo ya kurusha makombora mengi kwa mkupuo, BM-21, Waganda waliiita saba-saba. Mtanzania akisikia Sabasaba anawaza tarehe 7 Julai na maonyesho ya biashara. Mganda wa umri fulani anawaza mvumo uliomfanya aingie chini ya kitanda. Askari wetu waliitwa bakombozi, Kiswahili chetu kilichovishwa kiambishi cha Kiganda.

Na katikati ya vita hivyo, Machi 24 hadi 26 mwaka 1979, Moshi ilikuwa mwenyeji wa mkutano ambao wengi wa Moshi wamekwisha kuusahau. Vikundi zaidi ya 20 vya Waganda waliokuwa uhamishoni vilikutana hapa kuunda umoja mmoja kabla Kampala haijaanguka. Kulikuwa na Kikosi Maalum, cha wapiganaji wa Obote, rais aliyepinduliwa na Amin, ambacho kilibaki na jina la Kiswahili hata katika karatasi za Kiingereza. Kulikuwa na FRONASA ya Yoweri Museveni, aliyewahi kufundisha katika Chuo cha Ushirika cha hapa hapa Moshi. Walitoka na UNLF, chama, na jeshi lake UNLA, chini ya Yusuf Lule. Kampala ilianguka Aprili 11, Lule akaapishwa siku mbili baadaye. Alidumu kama miezi miwili tu. Herufi nne ziliwekwa juu ya watu ambao hawakuwa wameaminiana, na mara baada ya adui wa pamoja kuondoka, kila kikundi kilirudi kwenye herufi zake. Msomaji wa habari za miungano ya waasi wa leo angefaa kuanza na mkutano huo wa Moshi.

Nimeacha maneno ya kifo yaje mwishoni, kwa sababu hapo ndipo swali langu la nani aliunda neno linapokuwa na uzito wake wote.

Katika vita vya Wasovieti huko Afghanistan, kuanzia mwaka 1979 hadi 1989, maiti za askari zilirudishwa nyumbani kwa ndege zikiandikwa mzigo 200. Majeruhi wakawa 300. Karani aliunda namba, askari wakaichukua, na leo katika vita vya Ukraine pande zote mbili hutamka redioni kwamba wana mia mbili wawili na mia tatu wanne. Sifuri ni mstari wa mbele kabisa. Askari anayesema hivyo anamtaja mtu aliyekunywa naye chai asubuhi. Namba inamwezesha kuomba gari la wagonjwa bila sauti kukatika, na mimi siwezi kumlaumu. Lakini msemaji wa wizara anapotuambia kwamba eneo limesafishwa, au lengo limeshughulikiwa, hayuko chini ya risasi. Anazungumza na raia walioketi nyumbani, na anawachagulia neno ili wasiulize ni watu wangapi, wakubwa au watoto. Maneno hayo mawili yanafanana sura. Moja linamsaidia mtu afanye kazi ya kuokoa, jingine linamzuia mtu asijue.

Tofauti hiyo iliwekwa mbele ya majaji hapa Arusha. Mahakama ya Rwanda, ICTR kwa Kiingereza na TPIR kwa Kifaransa, iliundwa Novemba 1994 na kukaa katika majengo ya AICC, kituo cha mikutano cha Arusha, mpaka ilipofungwa mwishoni mwa mwaka 2015. Kesi ya kwanza kutolewa hukumu ilikuwa ya Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa komuni ya Taba. Mashahidi walizungumza Kinyarwanda, na majaji walitoka Senegali, Sweden na Afrika Kusini. Kila neno la vita lililotamkwa lilipaswa kueleweka upya. Inkotanyi, jina la wapiganaji wa RPF, waasi waliokuwa wakipigana na serikali ya Rwanda. Inyenzi, yaani mende. Ibyitso, yaani washirika wa adui. Gukora ni kufanya kazi, neno jirani kabisa na maisha ya kila siku, lakini katika miezi ile redio ya RTLM ilipowahimiza watu kufanya kazi, walichukua mapanga.

Aprili 19, 1994, huko Gishyeshye, Akayesu aliwaambia watu waliokusanyika kwamba waungane kummaliza adui mmoja tu, mshirika wa Inkotanyi. Hakulitaja neno Mtutsi. Ukitumia kamusi ungeweza kusema alizungumzia wapiganaji wenye bunduki na wasaidizi wao, jambo ambalo kiongozi wa serikali yoyote iliyo vitani angelisema. Mahakama haikuishia kwenye kamusi. Ilimwita mtaalamu wa isimu, Mathias Ruzindana, aeleze namna maneno hayo yalivyotumika na yalivyobadilika, na ikasikiliza waliokuwapo wakieleza walichoelewa. Majaji walikubali kwamba watu wa Taba walielewa wanaambiwa wawaue Watutsi, na kwamba Akayesu alijua wangeelewa hivyo. Septemba 2, 1998 alitiwa hatiani kwa mauaji ya kimbari na kwa kuchochea hadharani mauaji hayo. Mwezi uliofuata akahukumiwa kifungo cha maisha. Kumbukumbu za kesi hiyo, pamoja na mabishano yote kuhusu maneno hayo, zimehifadhiwa Lakilaki, nje kidogo ya mji wa Arusha, katika taasisi ya Umoja wa Mataifa iliyorithi kazi za mahakama ile.